Kuoka Keki Nako ni Kazi

"Niliuza mpunga wa misimu mitatu ili mwanangu awe mhasibu. Leo ananiambia kazi yake ni keki. Niwaambie nini majirani?"

Swali hili tuliulizwa mjini Mpanda na mzee mmoja, mkulima wa bonde la Mpimbwe, aliyefika mjini kumtazama binti yake. Hatukuweza kumjibu papo hapo. Na tukiri mapema kwamba moyoni tulikuwa upande wake, kwani nasi ni wazazi, nasi tumelelewa katika imani kwamba mtoto akipelekwa shule mwisho wa safari yake ni meza, kiti na muhuri.

Binti mwenyewe alikuwapo, amekaa kimya kama inavyompasa mtoto mbele ya baba yake. Ana stashahada ya uhasibu. Baada ya kuhitimu alituma barua za maombi ya kazi kwa muda wa miaka miwili, akaitwa kwenye usaili mara kadhaa, na kila mara akarudi nyumbani mikono mitupu. Katika kungoja huko alimwokea mtoto wa dada yake keki ya siku ya kuzaliwa, kwa sufuria, mchanga na makaa. Jirani akaiona, akaagiza ya kwake. Wa pili akaja, na wa tatu. Hatimaye ofisi moja ikampa mkataba wa miezi sita. Alikwenda, akafanya kazi kwa uaminifu, na alipotakiwa kuongeza mkataba akakataa kwa heshima. Alisema amekwisha kujua anachokitaka, nacho ni kuwa fundi wa kuoka na kupamba keki. Hapo ndipo ugomvi wa nyumba ile ulipoanza.

Nyumba za namna hii si moja, wala haziko Mpanda peke yake. Ziko Ng'ambo na Chake Chake, ziko Tabora na Sumbawanga. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa makini, bila kuwacheka vijana na bila kuwadharau wazee. Msimamo wetu ni huu: kijana anayeiacha njia aliyopangiwa ili ashike ufundi wa keki hajapotea, ilimradi aushike kama ufundi, na Serikali inayomwambia ajiajiri ina wajibu wa kuihesabu kazi yake kuwa ni kazi.

MJI ULIOBADILI KAZI

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza, Mpanda ina nini nasi? Mpanda iko mbali na bahari, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa jina tu. Lakini mji ule una somo ambalo watu wa visiwani tunalifahamu vizuri kuliko wengine.

Mpanda ya kisasa ilijengwa kwa ajili ya kazi moja, nayo ni kuchimba risasi. Madini hayo yaligunduliwa huko katika miaka ya 1930, yakiambatana na shaba, fedha na dhahabu. Kwa ajili yake wakoloni walijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, mwendo wa kilomita zipatazo 210, ambalo lilifunguliwa mwaka 1950. Vijana wa wakati ule waliambiwa kwamba maisha yao yamekwisha kupangwa. Reli imekuja, mgodi upo, mshahara upo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na watu wakabaki, lakini mpango uliowakusanya pale ulikuwa umekwisha.

Je, Mpanda ilikufa? Haikufa. Watu wake waligeukia mahindi, mpunga, karanga, tumbaku na asali. Waliwapokea wakimbizi kutoka Burundi, ambao kuanzia miaka ya 1970 walifungua mashamba Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa nchi yetu. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ulianzishwa kwa kuugawa mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huo ilihesabu katika eneo hilo watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Mji uliofungiwa mgodi umekuwa makao makuu ya mkoa unaokua kwa kasi kubwa kabisa katika Tanzania.

Nasi visiwani tuna hadithi yetu, na hadithi hiyo ni karafuu. Kwa zaidi ya karne moja tulimwambia kila mtoto kwamba neno la mwisho ni karafuu. Katika miaka ya 1980 bei yake ikaanguka katika soko la dunia, kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilikwisha kupanda mikarafuu yake yenyewe ya kuitosheleza. Tulilia, kisha tukajifunza kazi nyingine. Basi ikiwa miji na visiwa vyetu vimebadili kazi, na hakuna aliyevihukumu kwamba vimepotea, kwa nini tumhukumu binti mmoja?

MPANGO WA ZAMANI NA SABABU ZAKE

Haifai kuwalaumu wazee bila kuzitazama sababu zao. Imani kwamba elimu ni ofisi haikuzuka bure. Wakati wa ukoloni shule ilikuwa mlango wa kuingilia ukarani, na karani ndiye aliyeshika kalamu na kuhesabu kodi za wenzake. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 na kufanya Mapinduzi mwaka 1964 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa wasomi. Kila aliyehitimu alihitajiwa, na Serikali ilimpangia kazi kabla hata hajakunja vyeti vyake. Kwa hiyo mzee wetu wa Mpimbwe hakuwaza vibaya. Alikuwa na mpango uliokuwa wa kweli katika wakati wake.

Lakini hata katika wakati ule tulikwisha kuonywa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akieleza hatari ya kuwa na shule zinazomwandaa mtoto kwa ajili ya mtihani na ofisi, na kumfanya aidharau kazi ya mikono ya wazazi wake. Tuliyasoma, tukayapigia makofi, tukapanda bustani za shule. Baadaye bustani hizo zikageuka kuwa mahali pa kuwaadhibu watoto watukutu. Mtoto aliyechelewa shuleni alipewa jembe. Tutashangaaje basi akikua huku akiamini kwamba jembe ni adhabu?

Leo mpango ule wa zamani umefika mwisho wake. Vyuo vimeongezeka, wahitimu ni wengi, na nafasi za Serikali hazilingani nao. Mapema mwaka 2025 walimu waliohitimu bila kupata ajira walifikia hadi kuunda umoja wao ili sauti yao isikike. Ikiwa mwalimu, ambaye zamani alitafutwa kwa tochi, leo anangoja kwa miaka, basi kumwambia kila mtoto angojee meza ni kumweka kituoni kungoja treni ambayo haiji.

KASUMBA YA JIKONI

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Mzee yule asingeona haya kama binti yake angeacha uhasibu na kununua mashine ya kusaga nafaka. Haya yake ilitoka katika neno keki. Keki ni jambo la jikoni, na jikoni, kwa fikra zetu, hapana kazi. Jikoni pana mama.

Kasumba hii imetuingia sana sisi watu wa pwani na visiwani, ingawa sisi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuwa nayo. Ni nani kati yetu asiyejua mkate wa mayai? Mayai yanapigwa pamoja na sukari kwa muda mrefu hadi yaumuke na kuwa meupe, unga unaingizwa kidogo kidogo kwa mkono mwepesi, iliki inatiwa, kisha chombo kinawekwa baina ya moto wa chini na makaa ya juu. Makaa yakizidi, juu panaungua na ndani panabaki pabichi. Yakipungua, mkate unalala na hauinuki tena. Bibi zetu waliyajua haya bila kipimo cha joto wala saa ya ukutani. Waliupima moto kwa kiganja cha mkono. Wangekuwa wanaume wanaofua chuma tungewaita mafundi. Kwa kuwa walikuwa wanawake wanaopalia makaa, tuliwaambia ahsante, tukala.

Matokeo ya dharau hiyo tunayaona leo katika hoteli zetu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Wageni hao hula mikate na keki kila asubuhi na kila jioni. Ni malalamiko ya siku nyingi kwamba kazi zenye mshahara mzuri katika majiko ya hoteli, na ya mwoka keki ni mojawapo, mara nyingi hushikwa na watu waliotoka nje ya visiwa, kwa sababu vijana wetu hawakufunzwa. Kazi ile ile tuliyoidharau mikononi mwa bibi, tunaiita taaluma inaposhikwa na mgeni mwenye kofia ndefu nyeupe. Ndugu zetu, hili ni jambo la kutufikirisha.

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa na walimu wetu kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Hatukuambiwa kwamba mikono hiyo isiguse unga.

MAPENZI YA KAZI HAYATOSHI

Baada ya kuwatetea vijana, sasa tuwaambie ukweli, kwani rafiki wa kweli hasifii tu.

Siku hizi limezuka neno linalopendeza masikioni, kwamba mtu afuate anachokipenda na riziki itamfuata. Neno hili ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ina hatari kuliko uongo mzima. Kupenda keki hakumfanyi mtu kuwa fundi wa keki, kama kupenda bahari kusivyomfanya mtu kuwa nahodha.

Binti wa Mpanda alitusimulia mwenyewe jinsi alivyofundishwa na aibu. Aliagizwa keki ya harusi ya ngazi tatu kwa ajili ya kijiji kimoja nje ya mji. Aliipamba usiku kucha, akaisimamisha ngazi juu ya ngazi, akaipakia katika gari asubuhi ya mwezi wa Oktoba, wakati joto la Katavi linapokuwa kali kabla ya mvua. Krimu ya siagi ilianza kulegea kabla hawajafika nusu ya njia. Ngazi ya juu ikazama ndani ya ya kati, na zote mbili zikaangukia ubavuni. Alifika harusini na sinia la makombo. Alirudisha fedha zote, akaomba radhi kwa wazee wa pande mbili, akarudi nyumbani, na kwa wiki mbili hakuoka kitu.

Kisha akatafuta sababu. Alijifunza kwamba keki ya ngazi husimama juu ya vijiti imara vinavyopachikwa ndani yake, wala ngazi ya chini haibebeshwi uzito bila nguzo. Alijifunza kwamba ngazi husafirishwa mbalimbali na kuunganishwa pale pale penye sherehe. Alijifunza kwamba krimu ya siagi haikuumbwa kwa jua la Oktoba, na kwamba yako mapambo ya sukari yanayostahimili joto zaidi. Hayo ndiyo tunayoyaita ufundi. Mapenzi ya kazi yalimfikisha katika aibu, na ufundi ukamtoa.

Jambo la pili ni hesabu, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Tutoe mfano. Fundi ananunua unga, sukari, mayai na siagi kwa shilingi 18,000. Anaiuza keki kwa shilingi 30,000 na kufurahi kwamba amepata faida ya shilingi 12,000. Lakini makaa na umeme ni shilingi 3,000. Boksi na ubao wa kuwekea keki ni shilingi 3,000. Pikipiki ya kuipeleka ni shilingi 2,000. Akiba ya kubadilisha vyombo vinavyochakaa ni shilingi 1,000. Kilichobaki ni shilingi 3,000, na keki ile imemla siku nzima. Basi amefanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi kwa shilingi 3,000, huku akijiita mfanyabiashara. Na bei ya sukari ikipanda, kama ilivyopanda mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini, hata hizo 3,000 hazipo.

Jambo la tatu ni majira. Katika mkoa wa wakulima kama Katavi fedha hufuata mavuno. Harusi, sendofu na ubarikio huja kwa wingi baada ya mpunga na mahindi kuingia ghalani. Mvua zinapoanza na watu wanaporudi mashambani, wateja hupungua. Fundi asiyeweka akiba katika miezi ya neema ataisema vibaya kazi yake katika miezi ya njaa.

Tulipomwuliza binti yule anawezaje, alitoa daftari. Kila keki ina ukurasa wake: vipimo, gharama, bei, saa alizotumia, jina la mteja, na deni kama lipo. Tulilitazama daftari lile kwa muda mrefu. Lilikuwa limepigwa mistari kama leja ya ofisi. Tukamwonyesha baba yake, tukamwambia: "Mzee wetu, mpunga wako haukupotea. Uhasibu wa mwanao ni huu hapa, umehamia jikoni tu."

Hatutaki kila kijana aache kazi aliyoisomea. Yule anayepata nafasi ya kufundisha au kutibu wagonjwa, naye ana moyo nayo, nchi inamhitaji pale pale alipo. Na yule anayebadili njia asibadili kwa hasira ya kukosa, wala kwa kuiga wenzake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo mkulima mwenye akili hulijaribu jembe mkononi kabla ya kulilipia. Kijana ajaribu kwanza kwa udogo, apate fundi wa kumfundisha, ajue kipimo, moto na hesabu, ndipo aage ofisi.

WAJIBU WA WATENDAJI

Sasa tunawageukia watendaji wa Serikali, na sisi wenyewe wana-Chama tukiwamo. Katika mikutano yetu tumezoea kuwaambia vijana wajiajiri. Neno hilo ni jema likisemwa na mtu aliyefungua mlango. Likisemwa na mtu aliyeufunga mlango, linakuwa njia ya kukwepa lawama. Yapo mambo manne tunayotaka yatazamwe.

La kwanza ni mikopo. Sheria inazitaka halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na dosari za usimamizi, ukarudishwa mwaka 2024. Ni utaratibu mzuri ambao nchi nyingi hazina. Lakini umejengwa juu ya vikundi, wakati mwoka keki mara nyingi ni mtu mmoja mwenye meko moja. Huko mitaani vijana hukusanya majina ya jirani na binamu ili kikundi kitimie, fedha zikagawanywa, na deni likakosa mwenyewe. Afisa maendeleo ya jamii aliye makini anaweza kuwasaidia mafundi waungane katika jambo la kweli, kama vile kununua pamoja jiko kubwa la kuokea, jokofu na mashine ya kukoroga, kila mmoja akawa na zamu yake na wateja wake. Kikundi cha namna hiyo kina mali inayoonekana. Kwa upande wa Zanzibar, Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi nao ulitazame jambo hili kwa jicho hilo hilo.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda iliishi kwa majenereta ya dizeli, na waliokaa huko wanajua maana ya keki iliyo nusu ndani ya jiko wakati taa zinapozimika. Njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilibuniwa ili kuutoa mkoa huo katika dizeli. Tunachosisitiza ni kwamba umeme usihesabiwe kwa idadi ya nguzo. Uhesabiwe kwa saa ambazo fundi anaweza kuutegemea.

La tatu ni mafunzo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari za Bara. VETA ipo, na Zanzibar tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Hofu yetu ni moja, kwamba mkondo huu usije ukawa kama zile bustani za shule, mahali pa kuwatupia walioshindwa. Mwalimu mkuu akimwambia mtoto, "Wewe huwezi hesabu, nenda kaoke," amemkosea mtoto na ameikosea kazi. Tumekwisha kuona kwamba kuoka kunataka hesabu. Anayetaka kuoka apelekwe kwa sababu anataka, naye afundishwe pamoja na ufundi huo hesabu za biashara, usafi wa chakula na namna ya kuzungumza na mteja.

La nne ni soko na leseni. Sheria ya manunuzi ya umma inaelekeza asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwamo wanawake na vijana. Vikao vya Serikali hunywa chai kila wiki. Vitafunio vya vikao hivyo vinaweza kuokwa na mafundi wa mji ule ule, badala ya kununuliwa katika masanduku yaliyotoka mbali. Alama ya ubora ya TBS inapatikana kwa wajasiriamali wadogo kupitia SIDO bila kulipia katika miaka ya mwanzo. Lakini ni wangapi huko Mpanda, Inyonga au Karema waliokwisha kuambiwa hivyo? Haki ambayo mwenyewe haijui haimfai. Afisa biashara atoke ofisini, aende kwa mafundi, awafundishe kwanza ndipo awakague. Akianza kwa kutoza faini, atawafundisha kujificha.

MCHELE WA MPIMBWE, UJUZI WA VISIWANI

Liko neno la mwisho, nalo linahusu keki yenyewe. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka nje, na bei yake hupandishwa na vita na hali ya hewa ya nchi za mbali ambazo fundi wa Mpanda hana uwezo nazo. Vijana wengi wanajifunza kupamba kwa kuiga picha za harusi za Ulaya. Kuiga si dhambi kwa anayejifunza, lakini fundi aliyekomaa hutazama kilichopo miguuni pake.

Katavi ina mchele wa Mpimbwe. Ina asali ya Inyonga, inayosifiwa nchini kote. Ina karanga, mihogo na mayai ya kienyeji. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine imo katika mkoa huo huo, na wataalamu wake wangeweza kukaa na waoka keki wakapima pamoja ni kiasi gani cha asali kinaweza kushika nafasi ya sukari bila keki kuanguka. Nasi visiwani tuna mkate wa kumimina, ambao hauhitaji ngano hata chembe moja. Ni mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Binti wa Mpanda hakuwa amewahi kuuonja. Tulipomweleza unavyotengenezwa aliandika kila neno katika daftari lake, akauliza kama mchele wa kwao utafaa. Tukamwambia hatuoni sababu ya kutofaa, ila nazi itabidi isafiri.

Tunapozungumza juu ya Muungano mara nyingi tunataja mikataba na hoja za wakubwa. Bibi wa Pemba akimfundisha binti wa Katavi kumimina mkate, na mchele wa Katavi ukafika katika majiko ya Unguja, huo nao ni Muungano, tena wa aina ambayo hakuna kikao kinachoweza kuuvunja.

Je, mzee wetu aliridhika? Hapana, na hatumlaumu. Aliliangalia daftari, akalirudisha, akasema bado angependa kumwona mwanawe amekaa ofisini. Lakini kabla ya kuondoka alimwuliza binti yake keki ya ngazi tatu inauzwaje siku hizi. Binti akamtajia bei. Mzee akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole kama anavyohesabu magunia, kisha akauliza tena: "Na hiyo ya Oktoba, siku hizi inafika salama?"

"Inafika, baba," akajibu.

Tunawaomba wazazi waulize maswali ya namna hiyo kabla ya kulaani. Tunawataka vijana wawe na majibu yake. Na tunawataka watendaji wetu, wa Bara na wa Visiwani, wahakikishe kwamba kijana aliyefanya bidii hadi akayapata majibu hayo hakwamishwi na mlango wa ofisi yao.